Anayemfundisha Mshauri wa Vinasaba

NEEMA: Karibuni tena, mimi ni Neema, niko na kaka Yusufu. Leo tunazungumzia kazi ambayo wengi hawajawahi hata kuisikia: kuwafundisha washauri wa vinasaba.

YUSUFU: Tuanze na mshauri mwenyewe, dada Neema, maana kuna watakaodhani ni mtu wa maabara.

NEEMA: Ni mtu anayekaa na familia yenye ugonjwa wa kurithi. Anachora ukoo wao, anawaeleza kipimo kinasema nini, kisha anawasaidia waamue wenyewe. Jina la shughuli hiyo alilitoa mwanasayansi wa vinasaba, Sheldon Reed, kule Minnesota, Marekani, mwaka 1947, lakini ilipita miaka zaidi ya 20 bila shule yake. Mwaka 1969 ndipo Melissa Richter akaanzisha darasa la kwanza katika Chuo cha Sarah Lawrence, karibu na jiji la New York.

YUSUFU: Halafu akaja Joan Marks. Huyu mama nimemsoma nikampenda! Alisomea ustawi wa jamii upande wa afya ya akili. Akashika programu ile mwaka 1972, akaiongoza hadi 1998.

NEEMA: Ndiye aliyeweka hisia za mgonjwa katikati ya mafunzo, sambamba na kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba. Na kulikuwa na sababu nzito. Jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu mwaka 1907, majimbo mengine yakafuata. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa uzazi, eti kizazi kiwe bora. Hata taasisi aliyofanyia kazi Reed ilijengwa kwa fedha za urithi wa mtetezi wa siasa hiyo. Kwa hiyo fani mpya ikajiwekea sharti: mshauri haamui kwa niaba ya mtu. Kulitamka sharti hilo ni rahisi. Kazi ya mwalimu ni kulifanya liwe tabia.

YUSUFU: Analifanyaje? Tupe mfano.

NEEMA: Kwa maigizo. Mwanafunzi anakaa mbele ya wazazi wa kuigiza. Mtoto wao ana selimundu, mama ana AS, yaani amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, baba naye ana AS. Mwanafunzi anaeleza vizuri tu: kwa kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mwenye selimundu ni mmoja kati ya nne. Baba anachangamka: “Basi huyu ndiye yule mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima.” Mwanafunzi anaitikia kwa kichwa, anaendelea na maelezo yake. Mwalimu anasimamisha zoezi hapo hapo.

YUSUFU: Baba hajaelewa kabisa.

NEEMA: Kabisa! Kila mimba inaanza upya, haijui waliotangulia walizaliwaje. Lakini mwalimu mzuri hakimbilii kutoa jibu. Anamuuliza mwanafunzi, “Umesikia alichosema?” Kisha wanarudia. Safari hii mama mkwe naye yupo: “Kwetu ugonjwa huu haupo, kauleta huyu mwanamke.” Jibu la sayansi lipo wazi, mtoto amerithi pande zote mbili. Ila ukilitupa kama hukumu, umemwaibisha baba mbele ya mama yake, na huenda mke akalipia hayo wakifika nyumbani.

YUSUFU: Na kipimo kikionyesha baba hana AS, ana AA, yaani hana kinasaba cha selimundu?

NEEMA: Kwanza kirudiwe. Chupa za damu huchanganywa, na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kwa upande wa baba inaweza kupotosha picha. Lakini somo kubwa liko nyuma ya hapo. Kabla damu haijachukuliwa, mwanafunzi ajue kuwaambia wahusika kwamba kipimo kinaweza kufichua mambo ya familia ambayo hawakuja kuyatafuta, kama vile baba wa mtoto kuwa mtu mwingine, na wakubaliane nani atapewa majibu na kwa njia gani. Mwalimu anayelikwepa somo hili kwa aibu anamwacha kijana wa watu aende kuvunja ndoa.

YUSUFU: Sasa mtu anaingiaje kwenye ualimu huu?

NEEMA: Kawaida anaanza kama mshauri. Ni shahada ya uzamili ya takribani miaka miwili, na kwa Marekani na Kanada mwanafunzi lazima ashiriki visa visivyopungua 50 chini ya msimamizi. Wasimamizi hao wa kliniki ndio walimu wa kwanza. Mtu anasimamia mwanafunzi mmoja, anaona kazi anaiweza, anapewa somo la kufundisha, anaratibu mafunzo ya vitendo, mwishowe anaongoza programu. Kwa Afrika, Johannesburg na Cape Town wanafundisha kwa muda mrefu sasa.

YUSUFU: Na sisi Tanzania, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka?

NEEMA: Kwetu mazungumzo haya wanayabeba zaidi wauguzi na madaktari, foleni ikiwa imefika nje. Mimi ningeanza na hao. Muuguzi wa kliniki ya selimundu anayejua kuongea na yule mama mkwe ana nusu ya somo tayari. Apewe elimu ya vinasaba, na apewe mtu wa kukaa pembeni amsikilize akifanya kazi, kisha wazungumze. Tukifungua darasa bila wasimamizi wa namna hiyo, tutatoa vyeti tu.

YUSUFU: Mimi naongeza nafasi ya kazi. Ukimsomesha mtu akarudi hakuna cheo chake kwenye utumishi, atarudishwa kuchoma sindano.

NEEMA: Hapo umegusa penyewe. Mwalimu anaandaa watu kwa ajira ambayo haijaandikwa popote, kwa hiyo sehemu ya kazi yake itakuwa kupiga hodi wizarani, mwaka hadi mwaka. Kipindi kijacho tuanzie hapo, kaka Yusufu.

YUSUFU: Tutaanzia hapo. Asanteni kwa kutusikiliza.