Gari la Chini Hulipandi
Mhadhara kwa wenye magari ya michezo na familia zao, Mombasa

Assalaam aleikum. Na kwa wengine, habari za jioni. Wazee wangu wa safu ya mbele, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini na sharti moja: nisizungumze kama niko kliniki. Nitajaribu, lakini kazi yangu ni viungo vya watu, na mtu akiingia mlangoni mimi humtazama mwendo kabla ya uso. Mzee wangu wa kofia ya vito pale nyuma, goti la kushoto hilo. Tutaonana baadaye.

Nianze na neno. Sisi twasema kupanda gari. Twapanda basi, twapanda matatu, na tukifika twashuka. Na lugha haikukosea, kwa sababu matatu ina kidato mlangoni, Prado ina ngazi ya ubavuni, hata Probox ukikaa kiti chake kiko karibu na usawa wa makalio yako. Sasa njoo kwenye haya magari yenu yaliyolala hapo nje kama kasa ufuoni. Hapo maneno yamepinduka: kuingia ndiko kushuka, kutoka ndiko kupanda. Mtu anafika, anazima injini, anajiambia "nashuka", mwili unalegea, macho yako kwa wale waliosimama kulitazama gari, kumbe kilichoko mbele yake ni kupanda mlima akianzia kwenye makalio. Wengi wanaokuja kwangu na viuno vyao hawakuumia wakiingia. Waliumia wakitoka.

Mimi mwenyewe nina kijigari, Mazda Roadster ya zamani, nyekundu, mke wangu huiita "kiatu". Kiti cha kulia chakula nyumbani kina sentimita 45 hivi kutoka sakafuni. Kiti cha kile kiatu, nikisimama pembeni yake, kinanifika katikati ya ugoko. Na hilo si gari la chini kweli. Ford GT40, lile la Marekani lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa miaka minne mfululizo kuanzia 1966, lilipewa namba 40 kwa sababu urefu wake kutoka chini hadi paani ulikuwa inchi 40. Sentimita 102. Mimi paa lake lingenifika kiunoni. Walilazimika kuikata milango hadi ndani ya paa ili dereva apate pa kupitisha kichwa.

Mtaniambia, "Lakini daktari" (mimi si daktari, ila endeleeni tu), "bibi zetu wamekaa juu ya mbuzi wakikuna nazi maisha yao yote, na mbuzi ni chini kuliko gari lolote. Mbona hawakulia viuno?" Swali zuri. Nimekuja nayo, hii hapa, msicheke. Tazameni nikikaa. Sasa nataka kuinuka. Nafanya nini kwanza? Navuta nyayo zangu nyuma, karibu kabisa na makalio. Halafu kichwa mbele, pua ivuke vidole vya miguu, mkono juu ya goti, na hapo ndipo makalio yananyanyuka yenyewe. Sikujivuta. Nimeuhamisha uzito kutoka kwenye ubao hadi juu ya nyayo, kisha nimenyoosha miguu. Bibi alifanya hivyo mara ishirini kwa siku bila kufundishwa.

Sasa nanyoosha miguu mbele, hivi. Nyayo ziko mbali. Mwambieni kijana yeyote hapa ainuke hivyo. Haiwezekani! Ataanguka nyuma, au atatafuta kitu cha kushika ajivute kwa mikono huku kiuno kimepinda.

Na gari la michezo ndivyo linavyokukalisha. Miguu imenyooshwa mbele, na baina ya makalio yako na ardhi pale nje kuna kizingiti, ule ukingo wa ubavuni chini ya mlango. Hicho ndicho adui, si kimo peke yake. Kizingiti kinazipeleka nyayo mbali na makalio, wakati mbuzi ilikuachia uziweke karibu.

Kwa nini wakaweka kizingiti kikubwa hivyo? Si kwa ubaya. Chukua boksi la viatu, lipinde likiwa na kifuniko. Halafu toa kifuniko ulipinde tena. Gari lisilo na paa ni boksi bila kifuniko, kwa hiyo nguvu lililoipoteza juu linaidai ubavuni. Na hata lenye paa laweza kudai ubavuni. Mfano ninaoupenda ni Mercedes-Benz 300 SL, iliyoonyeshwa New York mwezi wa Februari 1954. Ndani yake fundi Rudolf Uhlenhaut na wenzake walisuka kiunzi cha mabomba membamba, chepesi ajabu, kilo 50 tu au karibu yake. Lakini ili kiunzi hicho kisipinde, mabomba yalibidi yapande juu ubavuni, pale pale mlango unapotakiwa kuwa. Mlango wa kawaida haukuwa na nafasi. Wakauweka bawaba paani, ukawa unafunguka kwenda juu kama mbawa za mwewe. Watu wakadhani ni madoido. Na kwa kuwa dereva bado alihitaji kuyapitisha mapaja yake, usukani ulitengenezwa ulale. Gari lile kila mtu aliliingia kwa namna moja: anakaa juu ya kizingiti kwanza, anazungusha miguu ndani, kisha anateremka kitini.

Hiyo ndiyo dawa. Ya 1954, na bado haijapitwa. Kizingiti kifanye kiti.

Nieleze polepole kwa gari zetu za usukani wa kulia. Fungua mlango wote. Ukiwa umeegesha karibu na ukuta, sogeza gari, usiwe mvivu. Lipe gari mgongo. Rudi nyuma mpaka uhisi chuma nyuma ya miguu. Mkono mmoja kwenye kizingiti au fremu ya kiti, kidevu kifuani ili paa lisikugonge, kisha kaa ukingoni, kama unakaa barazani. Ukishakaa, pumua. Halafu teleza ndani, magoti mawili yakienda pamoja kama yamefungwa leso moja. Wengine gari zao zina viti vya mbio vyenye mbavu ndefu, haviruhusu hivyo. Hao wataingiza mguu wa kushoto kwanza chini ya usukani, wakae, kisha walete wa kulia. Wakijua tu kwamba kwa sekunde moja hivi goti la kulia linabeba mwili mzima huku limekunjwa na kupindwa. Kijana wa miaka 25 hataona kitu. Mzee wangu wa kofia, wewe usifanye.

Kutoka ni kinyume chake, ila anza kabla hujafungua mlango. Kiti kisukume nyuma mpaka mwisho. Usukani kama unanyanyuka, unyanyue. Kisha miguu yote miwili nje, ndipo makalio yafuate mpaka ukingoni pa kizingiti. Hapo sasa umerudi kwenye mbuzi ya bibi: vuta nyayo nyuma, pua mbele, sukuma. Usishike mlango, una bawaba, utakukimbia. Na mwenye kunywa dawa za presha, au aliyetoka Malindi bila kusimama, akae pale ukingoni kidogo kabla ya kunyanyuka, damu ipate kujipanga.

Kizingiti chenyewe kiguse kwanza kwa mkono. Jua la Januari hapa kwetu mnalijua. Na gari nyingine moto wake si wa jua: Dodge Viper za mwanzo, 1992, bomba la moshi lilipita ubavuni chini ya mlango, na watu waliungua vigimbi vya miguu. Mwenye alama ya bomba la bodaboda mguuni anaelewa nisemalo.

Ngoja niwaambie la dada yangu, kwa sababu kanikataza nisiliseme. Mwanawe alioa, na rafiki wa bwana harusi akaleta gari la kuazima, jeupe, chini kama sinia. Dada akasema lazima apelekwe nalo ukumbini, mama mzaa chema. Kuingia aliingia kwa kicheko, kichwa kwanza. Kufika, wapiga picha wamejipanga, vigelegele, na vijana wawili wenye adabu kuliko maarifa wakamshika mikono, kila mmoja wake, wakavuta. Nyayo zake ziko mbele, kisigino kimekanyaga upindo wa dera, makalio bado yako kitini. Aliinuka nusu. Halafu akarudi chini kwa mwendo wa gunia. Bega la kulia lilimuuma wiki sita, na kwenye picha ya harusi anaonekana amekaa katika kizingiti na kiatu kimoja, anacheka, na hapo ndipo alipokuwa amekaa sawasawa kuliko wakati wowote wa safari ile.

Kwa hiyo nyinyi vijana, mtu mzima havutwi mkono. Simama mbele yake, mpe kigasha chako kiwe kama mkongojo, aegemee yeye kwa nguvu zake. Mwenye nguo ndefu aikusanye mapajani kabla ya kugeuka. Na kama kiti ni cha kitambaa na kinashika nguo, tandika kitambaa cha satini mtu azunguke juu yake, ukiondoe kabla gari halijaenda. Zamani tulisema mfuko wa nailoni. Wenye kuuhifadhi tangu kabla ya marufuku ya 2017, msinionyeshe. Aliyewekewa nyonga ya bandia karibuni asikae humo kabisa mpaka daktari wake aruhusu. Ampungie mkono bi harusi kutoka kwenye Noah.

Kuna mtu ameniandikia kikaratasi hapa: "Na wale wa Le Mans waliokuwa wakikimbia na kurukia ndani?" Ndiyo. Zamani magari yalipangwa upande mmoja wa barabara, madereva upande wa pili, bendera ikishuka wanakimbia, wanajitupa ndani, wanaondoka. Mkanda? Wangeufunga mbele ya safari kama wangeweza. Mwaka 1969 Jacky Ickx, kijana wa Ubelgiji, alikataa. Wenzake wakikimbia, yeye alitembea, akaingia kwenye GT40 yake taratibu, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza tu, Mwingereza John Woolfe alipata ajali akafa, mkanda haukuwa umefungwa. Ickx naye, baada ya saa 24, alishinda kwa mita 120 hivi. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wamekwishakaa na kufungwa. Hebu piga hesabu: mtu amepoteza sekunde kadhaa akitembea, na bado saa zilizobaki zikamtosha.

La mwisho, halafu twende nje. Sisi twaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara mlango wako unafungukia njiani. Na ukiwa chini vile, mwenye bodaboda hakuoni unavyojigeuza ndani. Mlango wa kulia ufungue kwa mkono wa kushoto. Fanyeni sasa hivi hapo mlipo, nyoosheni mkono wa kushoto upande wa kulia. Mnaona? Mabega yamegeuka, na macho yameangalia nyuma yenyewe.

Haya. Kile kiatu changu kiko chini ya mwembe, milango wazi, kivulini, kizingiti hakichomi. Mama, wewe wa buibui la nakshi, anza. Viatu vya visigino mviache hapa mlangoni.