Nyumba Isiyo na Nafasi ya Mzee: Kuhusu Filamu ya Pushing Hands

Mabibi na mabwana, filamu ninayoizungumzia leo, Pushing Hands, ilitoka mwaka 1991, nayo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan aliyesomea utengenezaji wa filamu New York. Mzee Chu, mwalimu wa taichi (sanaa ya Kichina ya kujikinga inayofanyiwa mazoezi kwa mwendo wa polepole) kutoka Beijing, amestaafu na kuhamia kwa mwanawe Alex, anayeishi nje kidogo ya jiji la New York pamoja na mkewe Martha, Mmarekani mzungu ambaye ni mwandishi, na mtoto wao mdogo.

Dakika kadhaa za mwanzo hupita bila neno kusemwa. Mzee anafanya mazoezi yake polepole, huku mkamwana akihangaika na maandishi yasiyosonga mbele. Wakati wa chakula kila mmoja anakula chakula chake, na pale mzee anapotia chombo chenye karatasi ya aluminiamu ndani ya maikrowevu, ambamo metali huweza kutoa cheche, Martha anaruka kwa hofu. Tunacheka, lakini tumekwisha kuona kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya baba, mama na mtoto tu, na kwamba wawili hawa, ambao hakuna anayeijua lugha ya mwenzake, wanabanana mchana kutwa pasipo yeyote kati yao kuwa mbaya.

Hapo ndipo ninapouona ukubwa wa kazi hii: haimtafuti mkosaji. Mzigo wote unamwangukia Alex, ambaye peke yake anazimudu lugha zote mbili, na baba yake anapotoka matembezini akapotea njia, hasira aliyoilimbikiza inalipuka hata akaivunjavunja jikoni ya nyumba yake mwenyewe. Tukumbuke kwamba baba huyu, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni nchini China, kampeni ya kisiasa ambamo watu wengi walishambuliwa, alimkinga mwanawe, huku mkewe akipoteza maisha. Deni la namna hiyo halilipiki kwa kumpa mtu kitanda.

Mzee anaondoka, anaosha vyombo katika mkahawa wa Chinatown, mtaa wa Wachina jijini New York, na mwenye mkahawa anapomdhalilisha anasimama imara, asisogezwe na kundi zima la watu. Baadaye Alex ananunua nyumba kubwa zaidi, yenye chumba cha baba. Mzee anakikataa, anabaki mjini akifundisha taichi, na uamuzi huo mimi nauona kuwa wa heshima kwa pande zote.

Martha, kwa maoni yangu, angestahili kuandikwa kwa kina zaidi, kwani uchungu wake tunauona kuliko tunavyouelewa. Sihung Lung, aliyemwigiza mzee, alirudi kuwa baba katika filamu nyingine mbili za Ang Lee, The Wedding Banquet ya mwaka 1993 na Eat Drink Man Woman ya mwaka 1994, nami nawasihi mzitazame zote tatu kwa mfuatano huo, mkianza na hii ambayo watu wengi huiruka.