Glovu moja, dakika nzima

Mambo vipi mashosti zangu, na kaka zangu pia mliojificha humo, najua mpo. Leo niko jikoni kwangu hapa Manchester, nje mvua kama kawaida yake, na hizi mnazoziona mezani ni glovu, zile ndefu za satini zinapita mpaka kiwiko. Nimezitoa kwasababu wiki nzima naulizwa swali moja tu, eti dada ni kweli unafundisha watu kuvua nguo huko? Haya, kaeni niwaambie.

Kitu chenyewe kinaitwa baleski, onyesho la jukwaani la utani na kuvua taratibu, jina limetoka kwenye Kiitaliano na asili yake ni mzaha, dhihaka, yaani mzaha ndo ulitangulia, kuvua kukaja baadae kabisa. Kuna mama Mwingereza, Lydia Thompson, mwaka 1868 alivuka bahari na wenzake wakaenda New York, wakapanda jukwaani na soksi za kubana, umbo la mguu lote nje, wanaigiza wanaume na kuwakejeli wakubwa, watu wakaja juu balaa. Gazeti moja la Chicago likawaandika vibaya, wee, mwaka 1870 yule mama akamfuata mhariri mtaani akamcharaza viboko, akashikwa, akalipa faini. Mi kila nikikumbuka hiyo stori nacheka peke yangu, huyu angezaliwa Tanga angekuwa malkia wa taarabu.

Hii ya kuvua taratibu ni ya karne iliyofuata, na hapo ndo anakuja Gypsy Rose Lee, miaka ya 1930 huko Marekani, huyu aliweza kukaa na glovu tu, anavua huku anapiga stori na kutania watu, show inaisha hujaona cha maana na umeridhika. Alifariki 1970 mi hata sijazaliwa, ila namuita mwalimu wangu.

Sasa show yangu ya kwanza jamani. Kaukumbi kadogo juu ya baa, watu kama arobaini, wimbo wa dakika nne, na nimefanya mazoezi miezi mitatu mbele ya kioo cha kabati. Nikapanda, taa ikanipiga usoni, namuona mzee mmoja mstari wa mbele anakula chipsi zake bila habari, moyo ukaniruka nikaanza kukimbia, yaani wimbo uko nusu mi nimeshavua kila kilichopangwa kuvuliwa, kasoro glovu ya kulia, imegoma kwa jasho, navuta haitoki, mwisho nikaing'ang'ania kwa meno kama namenya muwa. Watu wakacheka. Dakika mbili zilizobaki nikawa nazunguka tu pale juu kama kuku mgeni. Nilirudi nyumbani na basi la usiku na mekapu usoni, sikuongea na mtu siku mbili.

Ndo maana leo nawaonyesha hivi. Kwanza poda, ile ya watoto, unaimwaga ndani ya glovu kabla hujavaa, hilo hakuna aliyeniambia. Na glovu uichukue saizi moja juu. Alafu unaanza na kidole kidogo, unakilegeza ncha tu, huvui, unakilegeza na unamtazama mtu mmoja. Unakuja cha pete, unamtazama mwingine. Ukifika cha kati unakipeleka mdomoni, unang'ata kitambaa siyo kidole jamani, na hapo unasimama. Simama! Hesabu mpaka nne hufanyi kitu. Hapo ndo panapowashinda wengi, maana mtu akiona aibu anataka afike mwisho haraka, na ukikimbia tu wanaiona aibu yako yote. Ukisimama wao ndo wanaanza kuhangaika kwenye viti, si wewe. Alafu unavuta, inateleza yenyewe kama ganda la ndizi.

Darasa langu ni Jumatano jioni, wanane au kumi hivi, na siku ya kwanza hatuvui hata saa ya mkononi, tunatembea tu, ukuta hadi ukuta, polepole, macho juu. Vioo vyote nafunika na kanga. Ipo moja imeandikwa asiye na hili ana lile, kila mwanafunzi mpya lazima aulize maana yake, nikimwambia anabaki ameitolea macho. Mtu akicheza mbele ya kioo anajikagua, anatafuta tumbo lake liko wapi, na tumbo si ndo hilo umekuja nalo, litakwenda wapi?

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja nesi, miaka 58, siku ya kwanza alicheza saa nzima na koti lake la baridi. Nikamwacha. Wiki ya pili koti, ya tatu koti. Wiki ya sita akaja na muziki wake, akalivua, kumbe ndani ana sare za kazini, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, cha tatu kikagoma, akakikunjia uso vile unavyomkunjia mgonjwa msumbufu anayekataa dawa, akakipiga kidole, kikafunguka. Chumba kizima tulipiga mayowe mpaka wa baa ya chini akaja kuuliza kuna nini. Na alichovua ni koti na vifungo vitatu tu.

Ila sitawadanganya, ukiwa mweusi jukwaani huku kuna mzigo wa ziada. Mwandaaji mmoja, simtaji, aliniomba nivae chuichui na nicheze na ngoma, iwe ya Kiafrika. Nikamjibu sawa. Nikapanda na koti la chuichui mpaka chini, ngoma zinalia, nikalivua taratibuuu, dakika nzima, ndani nina suti ya kijivu ya ofisini na kitambulisho shingoni. Kimya. Alafu wakaelewa. Josephine Baker, yule mcheza dansi mweusi mzaliwa wa Marekani, alishapita huko, Paris 1926, na kile kisketi chake cha ndizi, wenzie wanataka kumuona mtu wa porini, yeye anawakodolea makengeza na kuwachekesha, leo wamemuweka Panthéon kule Ufaransa wanakoweka mashujaa wao, tangu 2021.

Mnaniuliza huo ujasiri niliuokota Ulaya? Thubutu! Mi nina somo yangu, alinikalisha kwenye mkeka nikiwa mdogo, na neno lake lilikuwa hilo hilo moja, taratibu mwanangu, nani anakufukuza? Bi Kidude mpaka anafariki 2013 tulimjua kwa ngoma za unyago, bibi yule akikaa na ngoma yake hakuwa na haraka na mtu. Ya ndani siyasemi, mwiko wake mnaujua, na niseme wazi wanafunzi wangu siwapi vya unyagoni hata wakinilipa mara tatu. Vile ni vya sisi kwa sisi, hiki cha tiketi ni kitu kingine kabisa, wanaosema ni kilekile ama hawajachezwa ama wanatafuta ugomvi.

Mama yangu nimemwambia nafundisha dansi, basi, hakuuliza zaidi na mi sikuongeza. Shangazi ndo anajua. Nilimpigia mwezi uliopita nikamweleza yote, koseti, manyoya, glovu, watu wanalipa kiingilio, nikamaliza nikasubiri matusi. Kimya. Nikadhani simu imekata. Alafu nasikia, "Na shanga umevaa?"

Nikamwambia zipo shangazi, chini ya koseti.

Akasema haya, afadhali. Alafu akaniomba hela ya luku.