Tarehe 17 Agosti: Lugalo, Mlingoti Unaoteleza na Paka Mweusi

DADA: Kamwene, msikilizaji wetu wa hapa Iringa, na karibuni nyote mnaotusikiliza kutoka Mafinga, Njombe, Mbeya na kwingineko. Leo tumechagua siku moja tu ya kalenda, tarehe 17 Agosti, ambayo Ulaya na Marekani huangukia katika majira ya joto, ilhali sisi huku nyanda za juu tunaamka na baridi na upepo mkavu wa kipupwe. Kaka, tuanzie wapi?

KAKA: Tuanzie nyumbani, dada. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki ya mji wetu, kwa safu moja ndefu kwenye njia nyembamba yenye vichaka. Watu walikuwa wamempa jina la Nyundo. Mwaka 1888, akiwa wakala wa kampuni ya Kijerumani huko Pangani, alikuwa miongoni mwa waliochochea hasira iliyozaa vita vya Abushiri, yaani uasi wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na safari hii alikuja kumtiisha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

DADA: Na silaha alikuwa nazo.

KAKA: Alikuwa nazo, hata mizinga na bunduki za rashasha, lakini silaha hizo nzito zilikuwa zimefungwa juu ya punda. Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, walijificha vichakani wakingoja ishara ya kushambulia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimfyatulia ndege risasi, na mlio huo ukachukuliwa kuwa ndiyo ishara yenyewe. Kabla mizinga haijateremshwa, mambo yalikuwa yamekwisha: Wajerumani wapatao kumi, akiwamo Zelewski, waliuawa pamoja na askari wapatao 250.

DADA: Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu hesabu hiyo ina jambo ambalo masimulizi mengi huliruka. Askari wale hawakuwa Wajerumani, bali wengi walikuwa Waafrika walioajiriwa Sudan na Msumbiji, na walikuwapo pia wapagazi, watu waliobeba mizigo ya vita isiyowahusu. Ninapousifu ushindi wa Lugalo, na ninausifu kwa moyo wote, nawakumbuka hao pia.

KAKA: Ni haki kuwakumbuka. Wajerumani nao walirudi: ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, mwenyewe akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954. Ukifika kwenye makumbusho ya Kalenga utaliona.

DADA: Sasa tuvuke Bahari ya Hindi. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1945, siku mbili tu baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, Sukarno, kiongozi wa wapigania uhuru, alisimama nje ya nyumba yake mjini Jakarta, mwenzake Hatta akiwa pembeni yake, akasoma tangazo fupi la uhuru wa Indonesia. Bendera iliyopandishwa ilikuwa imeshonwa na mkewe Sukarno, Fatmawati. Ninachokipenda zaidi, kaka, ni namna wanavyoiadhimisha siku hiyo mitaani: husimika shina refu la mti, hulipaka vitu vya kuteleza, na juu kabisa huning'iniza zawadi. Mtu mmoja hawezi kufika, kwa hiyo vijana hupandiana mabegani, huporomoka, huchafuka, na huanza tena mpaka mmoja wao aishike zawadi. Watoto nao hushindana kula vitafunwa vilivyofungwa kwenye kamba, mikono ikiwa nyuma.

KAKA: Mtoto aliyecheza hivyo hawezi kuisahau tarehe hata akizeeka.

DADA: Ndiyo maana nimelileta. Kuna pia siku ya kumthamini paka mweusi, inayoadhimishwa Marekani tarehe hii. Wengi wanaweza kuiona ndogo, lakini mimi naiona na maana, kwa kuwa hata kwetu paka mweusi akikatiza njia usiku wapo wanaomhusisha na uchawi na kumtupia mawe, ilhali mnyama huyo anatafuta panya tu.

KAKA: Kwa haraka niongeze mawili. Marcus Garvey, mpigania haki na umoja wa watu weusi, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1887 huko St Ann's Bay, Jamaika. Na mwaka 1978 Wamarekani watatu walitua Ufaransa wakiwa katika puto lililoitwa Double Eagle II, baada ya kuelea angani kwa zaidi ya saa 137. Walikuwa wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa puto.

DADA: Kaka, narudi Lugalo. Mabasi ya Dar es Salaam hupita karibu na pale kila siku, na abiria wengi hawajui kwamba Wajerumani walijenga mnara wa kumbukumbu ya Zelewski na wenzake mahali hapo. Jina la Lugalo tumeipa shule ya sekondari hapa mjini, na kambi ya jeshi kule Dar es Salaam, lakini tarehe yenyewe watoto wetu hawaijui.

KAKA: Basi mwaka huu tushuke pale na kinasa sauti. Msikilizaji uliyesimuliwa habari za Lugalo na babu au bibi yako, njoo nawe.

DADA: Tuondoke na basi la alfajiri, kaka, tuwepo vichakani kabla jua halijapanda, kama walivyongoja wao.