Kundi Moja, Njia Sita: Urafiki wa Wachekeshaji Baada ya Kazi Kuwatenganisha

SALMA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumzia wachekeshaji walioanza pamoja, kisha kila mmoja akaangukia kwake. Mmoja akawa nyota, mwingine akahamia kazi nyingine kabisa, mwingine akaugua. Swali ni hili: urafiki unabakia vipi, na ukivunjika huvunjikia wapi hasa? Mimi ni Salma.

HAMISI: Na mimi Hamisi. Tumechagua Monty Python wa Uingereza, kwa sababu mambo yao mengi yako hadharani. Mikataba yao ilifika mahakamani, Michael Palin amechapisha shajara zake, na safari nzima imepita miaka hamsini. Ni nadra kupata kundi unaloweza kulifuata kwa muda wote huo.

SALMA: Kwa asiyewajua, kaka, waweke mezani kwanza.

HAMISI: Watu sita. Watatu walitoka Cambridge: John Cleese, Graham Chapman na Eric Idle. Wawili Oxford: Michael Palin na Terry Jones. Wa sita Mmarekani, Terry Gilliam, aliyetengeneza vikatuni. Kipindi chao cha kwanza kilirushwa na BBC tarehe 5 Oktoba 1969, na vyote jumla vikawa 45: misimu mitatu ya vipindi 13, kisha msimu wa mwisho wa vipindi 6, na huo Cleese hakuwemo.

SALMA: Hapo hapo nataka tukae. Watu husema "Cleese aliwatupa wenzake." Lakini ukitazama jinsi walivyoandika, utaelewa. Hawakuandika sita kwa pamoja. Cleese aliandika na Chapman, Palin na Jones, Idle peke yake, Gilliam na vikatuni vyake. Baadaye wanakutana, kila mtu anasoma kazi yake kwa sauti mbele ya wengine. Chumba kikicheka, kipande kinaingia. Kisipocheka, kinarudi kurekebishwa au kinatupwa.

HAMISI: Na huo utaratibu ni mzuri, maana hukumu inakwenda kwa kipande, haimwendei mtu.

SALMA: Ndiyo. Udhaifu wake uko kwa wawili wawili. Chapman alikuwa mlevi wa pombe, tena sana, na alikuwa daktari kwa kusomea. Mwenzake wa kuandika ndiye anayebeba mzigo: kumsubiri, kushika kalamu yeye, kurudia kazi ambayo mwenzake ameisahau. Wale wanne wengine waliuona mzigo huo kwa mbali. Cleese aliubeba kila siku ya kazi. Zaidi ya hapo alihisi wameanza kujirudia. Akaondoka kwenye televisheni, lakini hakuondoka kwenye filamu za kundi. Kosa ambalo makundi mengi hufanya ni kudhani kuondoka ni jambo moja. Kuna kuondoka kwenye kipindi, kuna kuondoka kwenye mgao wa mapato, na kuna kuondoka kwenye urafiki. Cleese alifanya la kwanza tu.

HAMISI: Na Chapman aliacha pombe mwishoni mwa 1977, kabla ya kuigiza mhusika mkuu kwenye filamu yao ya 1979. Wenzake walimpa nafasi kubwa kuliko zote baada ya miaka mibaya kuliko yote. Naliheshimu sana jambo hilo.

SALMA: Sasa twende kwenye karatasi.

HAMISI: Karatasi. Mwaka 1975 kituo cha ABC cha Marekani kilichukua vipindi vitatu vya msimu ule wa mwisho, kikaviunganisha kuwa kipindi cha dakika 90, na kuondoa dakika 24 ili matangazo yapate nafasi na maneno fulani yasisikike. Python wakaenda mahakamani New York, Palin na Gilliam wakatoa ushahidi. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawapa haki. Na kilichowaokoa ni kifungu cha mkataba wao na BBC: hakimiliki ya miswada ilibaki kwa waandishi, na BBC hawakuwa na ruhusa ya kukatakata kipindi baada ya kurekodiwa. Kama BBC hawana ruhusa hiyo, hawawezi kumuuzia ABC. Katika makubaliano yaliyofuata, haki za vipindi vyenyewe zikawarudia.

SALMA: Msikilizaji, hapo ndipo urafiki wao ulipopata msingi wa kudumu, ingawa kwa nje inaonekana ni habari ya mawakili. Linganisha na Peter Cook na Dudley Moore, wachekeshaji wawili wa zama zilezile. Walifahamiana tangu 1960. Cook ndiye aliyekuwa kalamu kubwa. Vipindi vyao vingi vya BBC vilifutwa ili mikanda itumike tena, na hata walipojitolea kulipia mikanda mipya walikataliwa. Baadaye Moore akawa nyota wa Hollywood, hasa baada ya 1979, na Cook akabaki London. Hawakuwa na mali ya pamoja ya kuwaunganisha. Zilibaki kumbukumbu, na mmoja alikuwa tajiri kuliko mwenzake kwa mbali.

HAMISI: Nikubaliane nawe nusu. Mali ya pamoja huunganisha, ila huleta ugomvi pia.

SALMA: Tutafika huko. Kwanza eleza walivyotawanyika.

HAMISI: Cleese akaandika na Connie Booth vipindi 12 tu vya Fawlty Towers, kichekesho cha hoteli ya mji wa Torquay, Uingereza, sita 1975 na sita 1979, na hivyo 12 vimemtambulisha kuliko chochote. Gilliam akawa mwongozaji filamu mkubwa. Jones akaongoza filamu, na akawa mtu wa historia ya zama za kati, akaandika kitabu kuhusu Chaucer ambacho wasomi walikijadili kwa uzito. Idle akaenda kwenye nyimbo na jukwaa. Palin akawa msafiri wa televisheni. Hapa kwetu wapo wanaomjua kwa hilo bila kujua kwamba alikuwa mchekeshaji: katika safari yake ya kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini alipita Kenya na Tanzania, akapanda MV Liemba kutoka Kigoma hadi Mpulungu.

SALMA: Na waliitana kazini. Gilliam alipoanza kuongoza peke yake mwaka 1977, alimpa Palin nafasi ya mbele. Miaka minne baadaye wakaandika filamu pamoja, na Cleese akaigiza humo. Mwaka 1988 Cleese akaandika filamu yake, akamwita Palin, na Palin akapata tuzo ya BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ya mwigizaji msaidizi. Tazama namna wanavyosaidiana. Aliyefanikiwa hampi mwenzake bahasha. Anampa kazi ambayo mwenzake anaiweza, yenye jina lake kwenye orodha ya waigizaji. Msaada wa bahasha unamfanya rafiki kuwa mdeni, na mdeni huanza kukwepa simu.

HAMISI: Lakini kazi nayo ina sharti: iwe inamfaa kweli. Ukimpa rafiki nafasi ya huruma, watazamaji wataiona siku ya kwanza, na yeye ataijua kabla yao.

SALMA: Kweli kabisa. Sasa ugomvi uliousema.

HAMISI: Mwaka 2005 Idle alipeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, tamthilia ya muziki iliyotokana na filamu yao ya 1975. Ikashinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Wenzake wakapata mgao bila kuandika upya, kwa kuwa chanzo kilikuwa cha wote. Sasa weka upande wa Idle: miaka ya jasho ni yake, mapato yanakwenda kwa wote. Weka upande wa wenzake: bila wahusika wao, hakuna tamthilia. Wote wana haki, na hapo ndipo penye maumivu. Kisha akaja prodyuza wa filamu ile ya 1975, Mark Forstater. Alikuwa akilipwa fungu moja kati ya kumi na manne ya mapato fulani. Akasema makubaliano yalikuwa moja kati ya saba. Mwaka 2013 mahakama ya London ikakubaliana naye.

SALMA: Gharama za kesi zikawaelemea, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za kurudi jukwaani Julai 2014, maonyesho 10 katika ukumbi wa O2 London. Tiketi za onyesho la kwanza ziliisha ndani ya dakika moja. Lakini Jones alishaanza kushindwa kukumbuka maneno yake, akasomea kwenye skrini. Mwaka 2016 familia ikatangaza ana aina ya dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, na yake ni ile inayokula lugha.

HAMISI: Na mwaka 2024 Idle akaandika hadharani kwamba fedha za kundi zimepungua, akalaumu usimamizi. Cleese akamtetea msimamizi, ambaye ni binti wa Gilliam. Baada ya miaka 55, ugomvi ukasomwa na dunia nzima kwenye simu.

SALMA: Sababu yake haiko mbali. Mapato ya mrabaha hupanda na kushuka, na mwenye shughuli nyingine hashtuki yakishuka. Anayeyategemea hayo tu ndiye anayeumia. Mgao ni sawa, uhitaji si sawa. Kwa hiyo taarifa ya mapato lazima iwafikie wote tarehe moja, kwa karatasi moja, hata mwezi ambao hakuna kitu. Taarifa ikichelewa, mtu huijaza mwenyewe kwa shaka.

HAMISI: Turudi nyumbani basi. Ze Comedy walianzia EATV. Walipohamia TBC1 jina halikwenda nao, wakawa Orijino Komedi. Leo Masanja anahubiri na kuimba Injili, Joti ameendelea kuchekesha. Nairobi, Redykyulass walikuwa vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliomwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu. John Kiarie ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, Walter Mong'are akapita redioni na serikalini. Njia zinaachana kila mahali. Kundi la leo lifanye nini mapema?

SALMA: Jina kwanza. Lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kwa majina ya wanakundi wote, lisiwe la mmoja wala la meneja. Na ujue kusajili jina la biashara hakukupi ulinzi wa alama ya biashara. Hilo ni ombi jingine, palepale BRELA. Pili, wahusika. Andikeni orodha: mhusika huyu ni wa nani akiondoka? Kwa maoni yangu mhusika aende na aliyemwigiza, na kundi libaki na haki ya klipu za zamani.

HAMISI: Chaneli ya YouTube nayo isikae kwenye barua pepe ya mtu mmoja. YouTube inaruhusu chaneli kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja, wekeni wawili. Na mgao: tuseme harusi imelipa 2,100,000. Toa nauli, mavazi na mpiga picha, 300,000. Imebaki 1,800,000. Mko wanne. Gawanyeni mafungu matano, kila moja 360,000: manne ya watu, la tano ni mfuko wa kundi. Kama mmoja ndiye anayeandika kila kitu, yawe sita ya 300,000, naye achukue mawili. Python waligawana sawa kwa kuwa wote walikuwa na kazi mezani. Palipo na mwandishi mmoja, usawa wa mafungu ni dhuluma inayosubiri kusemwa.

SALMA: Na nje ya kazi kuwe na mahali pa kukutana. Palin na Jones walikuwa marafiki tangu Oxford, kabla ya kundi. Jones alipopoteza maneno, Palin aliendelea kwenda kwake. Oktoba 2016 Jones alipopewa tuzo na BAFTA ya Wales, aliyemkabidhi ni Palin. Jones akafariki Januari 2020. Ziara zile hazikuwa na ajenda wala hesabu.

HAMISI: Kuna kifungu kimoja ambacho vijana hawakiandiki kamwe: kifo. Chapman alifariki tarehe 4 Oktoba 1989, akiwa na miaka 48, siku moja kabla ya kundi kutimiza miaka 20. Sasa rudi kwenye ile hukumu ya 2013. Mafungu saba ni wachekeshaji sita na prodyuza. Sita, dada. Chapman alikuwa amekufa miaka 24 na bado anahesabiwa.

SALMA: Kwa hiyo waandike jina la mrithi, fungu lake ni la kazi zipi, na nani atampelekea taarifa ya mapato. Zile zilizorekodiwa akiwa hai, mrithi apate fungu kamili. Zile mpya, asipate, isipokuwa mhusika wake ametumika. Msaini wote, pawe na mashahidi wawili, na nakala moja ikae kwa mtu asiye wa kundi.