Mont Blanc ina mita ngapi, na kwa mwaka gani?

Nitaanza na lile lile mlilochoka kulisikia kwangu: ukiandika kwamba Mont Blanc, ule mlima wa Alps mpakani mwa Ufaransa na Italia, ina mita 4,810, andika na mwaka. Septemba 2021 wapima ardhi walipata mita 4,807.81. Septemba 2023 wakapata 4,805.59. Mita mbili na ushei zimekwenda wapi? Mlima haukudidimia!

Kinachopimwa si mwamba. Mwamba unaishia mita 4,792, na ncha yake iko kama mita 40 pembeni ya kilele cheupe tunachokipiga picha. Kinachozidi hapo ni theluji na barafu, na anayeifinyanga ni upepo. Theluji ya Januari ni kavu kama unga, haishiki, inapeperushwa yote. Ya kiangazi ina unyevunyevu, inang'ang'ania. Ndiyo maana kilele kwa kawaida huwa kirefu zaidi mwisho wa kiangazi kuliko katikati ya baridi.

Sasa yuko atakayesema, “Si setilaiti ipo? Simu yangu inatosha.” Simu yako! Setilaiti hupima kutoka kwenye umbo la dunia lililokokotolewa kihesabu, si kutoka usawa wa bahari. Pale Mont Blanc tofauti ni takriban mita 50; usipoitoa, umeupandishia mlima ghorofa kumi na zaidi. Ufaransa huhesabu kutoka kipimo cha bahari cha Marseille. Tena wapima ardhi hawachukui nukta moja. Hutembea na kipokezi kileleni kote, wakakusanya nukta nyingi, wakachora umbo lote, ndipo wakatafuta palipoinuka kuliko pote.

Na ndugu zangu waandishi wa habari, msikimbilie kusema mita hizo mbili zimeliwa na joto la dunia. Vipimo viwili haviwezi kusema hivyo. Kule juu ni upepo na theluji ya msimu. Joto litafuteni chini, kwenye Mer de Glace, ule mto wa barafu ulio upande wa Ufaransa, ambako kwa miaka mingi ngazi za kuufikia zilikuwa zikirefushwa mwaka hadi mwaka.

Naona naoneshwa saa. Njia ya Goûter, mojawapo ya njia za kupandia kileleni, basi, kwa ufupi: lile korongo la Grand Couloir livukeni alfajiri, kabla jua halijalegeza barafu inayoshikilia mawe.

Na mpaka wa Ufaransa na Italia? Ramani za Italia huupitisha juu ya kilele. Za Ufaransa huusogeza kusini, kilele chote kikabaki kwao. Hilo mniulize nje.