Bandari Iliyozaa Nchi: Mhadhara juu ya Malta

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana huko nyuma, hamjambo.

Kabla ya kuingia hapa nilisimama kwenye genge la nje kununua maji. Kijana akaniuliza kuna shughuli gani ukumbini. Nikamwambia kuna mhadhara wa Malta. Akafungua friji, akanitolea chupa ya kile kinywaji cheusi cha kimea. Simcheki. Hata mama yangu, siku nilipopata barua ya kwenda kusoma sheria ya bahari huko, aliniuliza: "Hiyo Malta iko Uarabuni au Uzunguni?" Nimekaa huko mwaka mzima, nikarudi, na hadi leo jibu langu kwa mama ni refu. Ndilo nililokuja nalo.

Tuanze na ramani. Ukitoka Sicily, kusini mwa Italia, ukaelekea Libya, kiasi cha kilomita 90 hivi utakuta visiwa vitatu vinavyokaliwa na watu. Kuna Malta yenyewe, kuna Gozo, na katikati yao kuna Comino, ambako wakazi wa kudumu wote unawapakia kwenye bajaji moja. Vyote kwa pamoja ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza nchi hiyo mara tano. Hata Mafia ni kubwa kuliko Malta na Gozo zikiunganishwa. Lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu 519,562, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa mgeni kutoka nje.

Mto wa kudumu hawana. Ziwa hawana. Kilele cha nchi, Ta' Dmejrek, kina mita 253. Hapo mtu wa Lushoto atacheka. Walicho nacho ni jiwe. Jiwe la chokaa, rangi ya mkate uliotoka tanurini sasa hivi, laini likichimbwa na gumu likishapigwa na hewa. Makanisa, ngome, nyumba, hata kuta fupi za mashambani, vyote jiwe hilo hilo, hivi kwamba ukiangalia kijiji kwa mbali jioni huwezi kujua ardhi imeishia wapi na nyumba zimeanzia wapi.

Maji ndiyo mateso yao ya kale. Mji mkuu Valletta ulipojengwa, kila nyumba ilitakiwa iwe na tangi la chini ya ardhi la kuvuna mvua. Mwaka 1615 wakamaliza mfereji wa mawe wa kuleta maji mjini kutoka nyanda za juu za magharibi. Siku hizi zaidi ya nusu ya maji ya bomba yanatoka baharini, yakichujwa chumvi kwa mitambo waliyoanza kuifunga mwaka 1982. Chai niliyopika kwa maji yale wiki ya kwanza niliimwaga. Ya wiki ya tatu nilikunywa bila kusema kitu.

Sasa, nchi isiyo na mto, msitu wala dhahabu, watu wameishije? Jibu liko upande wa kaskazini mashariki: bandari. Wenyewe wanaiita Il-Port il-Kbir. Hilo neno la mwisho wengine mmeshalinasa. Ni "kabiri", kubwa. Ni ghuba yenye kina kirefu, imejipenyeza ndani ya nchi kavu na kutoa vidole vidole, na kila kidole ni maficho ya meli. Nayo ipo katikati kabisa ya Mediterania. Kila mwenye merikebu za kivita aliitaka. Wafoinike walikuwepo, kisha Carthage, kisha Rumi. Wasomaji wa Biblia mnakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 28: Paulo anavunjikiwa chombo, anaumwa na nyoka kando ya moto, hadhuriki. Ni hapo hapo. Waarabu waliiteka mwaka 870, Wanormani wakafika 1091. Mwaka 1530 Mfalme Karoli wa Tano akawapa visiwa hivyo Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawa wenye panga, kwa kodi ya mwewe mmoja wa kuwindia kila mwaka. Wamiliki wa nyumba mlioko hapa, msichukue mfano huo. Waturuki wakaizingira mwaka 1565, wakashindwa. Mwaka uliofuata mkuu wa Mashujaa, Jean de la Valette, akaanzisha mji unaobeba jina lake. Napoleon aliichukua 1798, Waingereza 1800, na Waingereza ndio waliokaa.

Kila aliyepita aliacha kitu, lakini hakuna masalio yanayoshinda lugha.

Naomba tufanye zoezi dogo. Hesabu nami kwa makumi kuanzia ishirini: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia, elfu. Sasa sikilizeni Mmalta anavyohesabu, nawatamkia kwa masikio ya Mswahili: oshrin, tletin, erbain, hamsin, sittin, sebain, tmenin, disain, mija, elf. Siku ya kwanza niliposikia hivyo nilikuwa sokoni Marsaxlokk, Jumapili, nimesimama mbele ya meza ya samaki. Mama muuzaji alikuwa akimtajia mteja bei. Niligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Si hesabu tu. Habari kwao ni aħbar. Bahari ni baħar. Kitabu ni ktieb. Dunia ni dinja. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Sababu ni moja: sisi na wao tumechota kisima kimoja, Kiarabu, ila kwa namna tofauti. Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyoazima maneno. Kimalta ni Kiarabu chenyewe, cha aina iliyosemwa Sicily na Afrika Kaskazini, kikatengwa na ndugu zake, kikameza maneno ya Kisicily na Kiitalia hadi karibu nusu ya kamusi, kisha kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Kilifanywa lugha rasmi mwaka 1934, pamoja na Kiingereza.

Na hapa ndipo mama yangu anapochanganyikiwa zaidi. Watu hawa ni Wakatoliki, na wa kweli kweli: katiba inautaja Ukatoliki kuwa dini ya nchi, na talaka haikuruhusiwa mpaka baada ya kura ya maoni ya 2011. Lakini padri akiwa madhabahuni anamwita Mungu "Alla". Mfungo wa Kwaresima unaitwa Randan, ambalo ni neno Ramadhani. Pasaka ni l-Għid, yaani Idi. Nilikwenda misa ya Pasaka na rafiki yangu Mwislamu kutoka Mombasa, aliyetaka kusikia tu. Alitoka ananiambia kwamba alielewa zaidi yangu mimi Mkristo.

Haya, serikali. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kulipo na mafunzo ya sheria.

Malta ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, ikawa jamhuri tarehe 13 Desemba 1974. Rais huchaguliwa na Bunge kwa miaka mitano, naye ni wa heshima zaidi kuliko wa amri. Anayeongoza serikali ni waziri mkuu. Vyama vyenye nguvu ni viwili: Labour, kilichokulia kwa wafanyakazi wa gati na karakana za meli, na Nationalist, kilichokuwa karibu na kanisa na wasomi. Mnaona bandari inavyorudi. Mwaka 1956 Dom Mintoff wa Labour alipendekeza kisiwa kiungane moja kwa moja na Uingereza, kiwe na wabunge London. Waliopiga kura wakasema ndiyo, asilimia 77, lakini wapinzani walisusia, jambo likafa. Mtu huyo huyo baadaye ndiye aliyewatoa Waingereza. Meli yao ya mwisho ya kivita iliondoka mkataba wa kambi ulipokwisha, 31 Machi 1979, na siku hiyo hadi leo ni sikukuu ya taifa.

Sasa kura. Nchi imegawanywa wilaya 13, kila wilaya hutoa wabunge watano. Mpiga kura haweki tiki. Anawapanga wagombea kwa namba: wa kwanza wangu, wa pili, wa tatu, kuendelea. Ukipata sita moja ya kura pamoja na kura moja, umepita, na kura zako za ziada zinahamia kwa aliyeandikwa wa pili. Wamekuwa na utaratibu huo tangu 1921. Wakati wa kuhesabu, mawakala wa vyama husimama nyuma ya ukuta wa plastiki angavu wakichungulia kila karatasi, wakipiga hesabu zao wenyewe. Tume haijasema neno, lakini upande ulioshinda unaanza kuugonga ule ukuta kwa viganja, na nchi nzima inajua.

Ni mfumo mzuri. Nao ndio uliokaribia kuwaponza. Uchaguzi wa 1981, Nationalist walipata asilimia 50.9 ya kura na viti 31. Labour walipata asilimia 49.1 na viti 34. Hakuna aliyeiba sanduku. Mipaka ya wilaya ilitosha. Wachache wakatawala wengi, upinzani ukasusia Bunge, na miaka iliyofuata ikawa ya ngumi, mabomu na vilabu vya chama kuchomwa. Kwenye nchi ya milioni kumi, adui yako wa kisiasa unamwona kwenye televisheni. Malta unamkuta kwenye foleni ya mkate. (Naona wengine mnatabasamu. Mimi sijataja kisiwa kingine chochote.)

Walitokaje? Mapema mwaka 1987 vyama vilikaa vikabadilisha katiba: chama kikipata zaidi ya nusu ya kura za chaguo la kwanza lakini kikakosa wingi wa viti, kiongezewe viti mpaka kiwe na wingi. Kama bei ya makubaliano, Labour walitaka katiba iseme Malta haifungamani na upande wowote wa kijeshi, na ikaandikwa. Mei mwaka huo huo wakapiga kura. Matokeo? Nationalist 31, Labour 34. Vile vile! Safari hii kifungu kipya kikafanya kazi: Nationalist wakaongezewa viti vinne, wakawa 35, na kiongozi wao, Eddie Fenech Adami, akaapishwa kuwa waziri mkuu. Labour, waliokuwa madarakani tangu 1971, wakakabidhi ofisi. Nikiwafundisha wanafunzi wangu sheria ya uchaguzi, naanza na viti hivyo vinne.

Msidhani kwamba tangu hapo ni asali tupu. Manowari zilipoondoka, nchi ilibaki na kile kile ilichokuwa nacho siku zote, mahali ilipo, ikakiuza kwa sura mpya. Iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na mahali hapo pakapanda bei. Ina daftari kubwa kuliko yote la usajili wa meli katika Umoja huo, nyingi zikiwa meli ambazo mabaharia wake hawajawahi kutia mguu kisiwani. Imejaza kampuni za kamari ya mtandaoni. Kuanzia 2014 iliuza uraia wenyewe, pasipoti kwa matajiri, hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoupinga mpango huo Aprili 2025. Mwandishi aliyeandika bila kuchoka juu ya fedha chafu na wakubwa, Daphne Caruana Galizia, aliuawa kwa bomu lililotegwa garini mwake tarehe 16 Oktoba 2017. Uchunguzi wa wazi ulisema mwaka 2021 kwamba dola lenyewe linabeba lawama, kwa kujenga hali ya watu kufanya uovu wakijua hawataguswa. Hapo sina mzaha wa kuwatolea.

Na wapo wanaofika mahali hapo bila kununua chochote. Karibu na mji wa Marsa, jina ambalo maana yake ni bandari tu, kuna mzunguko wa barabara ambapo vijana wa Kiafrika, Wasomali, Waeritrea, Wasudani, husimama alfajiri wakisubiri gari la kibarua. Gari likipunguza mwendo wanalikimbilia. Nilipita pale kila asubuhi ndani ya basi, na begi langu la vitabu.

Jambo la mwisho, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Tarehe 1 Novemba 1967, balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisimama akasema kwa saa kadhaa kwamba sakafu ya bahari kuu isiwe ya mwenye nguvu, iwe urithi wa pamoja wa wanadamu. Kilichofuata ni mazungumzo marefu yaliyozaa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkenya Frank Njenga ndiye aliyesukuma hoja ya ukanda wa kiuchumi wa maili 200, unaotufanya leo tuseme jodari wa huko ni wetu. Na Jaji Joseph Warioba alikuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Chuo cha kimataifa cha sheria hiyo kipo Malta tangu 1988. Ndiyo maana watu wa pwani yetu wanapelekwa huko.

Nasikia swali. Ndiyo, mzee wangu? Anauliza kama ni kweli vyombo vyao vina macho.

Ni kweli, nahodha. Mashua zao za kuvulia, luzzu, zina rangi za njano, nyekundu, buluu na kijani, na kwenye omo, kila upande, kuna jicho lenye nyusi, kama yale ya majahazi ya Lamu. Marsaxlokk nilimkuta fundi mzee akiyapaka upya. Nikamwambia kwetu pia yapo. Akanipa brashi, akaniambia basi paka. Nikapaka la kushoto, likatoka kengeza. Akaliangalia kidogo, akachukua kitambaa, akalifuta, akalipaka mwenyewe.